Wakubwa Walipokatwa Marupurupu

Nyinyi vijana mnaokuja kwangu hapa Makongeni mjini Thika kuniuliza mambo ya upishi, swali lenu la kwanza huwa ni lilelile: Mzee Mutua, ulikuwa unawapikia mameneja nini? Mnadhani nitawapa siri ya mchuzi. Haya, chukueni. Kaanga kitunguu polepole mpaka kibadilike rangi chenyewe, usikiharakishe kwa moto. Nyanya ziive mpaka mafuta yajitenge. Nyama usiichokoechokoe kama mtu anayetafuta ufunguo uliopotea. Hiyo ndiyo siri, na siku hizi hata simu zenu zinaifundisha.

Kazi yenyewe ilikuwa nyingine. Kazi ilikuwa kuingia chumbani na sahani mkononi, watu wazito wanazungumza mambo mazito, halafu utoke kama ambaye hukusikia kitu.

Aliyenifundisha hayo ni Mzee Were, mkuu wa jikoni nilipoanza. Siku moja alinikuta nimesimama na jagi la maji, nimetega sikio mameneja wakibishana juu ya bei ya pamba. Akanivuta mpaka jikoni kwa kola ya shati, mimi mtu mzima mwenye mke na watoto. Akaniambia, "Mutua, mpishi akisikiliza, anamwaga." Nikacheka. Kabla wiki haijaisha nilikuwa nimemwaga supu ya kuku kwenye tai ya meneja wa fedha, kwa sababu alikuwa anasema jambo la kupendeza kuhusu mke wa mtu. Sikurudia kucheka maneno ya Mzee Were.

Kiwanda chetu kilitengeneza blanketi. Ofisi na mashine za kufuma zilikuwa hapa Thika, na uzi ulisokotwa kwa tawi letu la Ruiru. Mkipita Ruiru leo mtaona jengo lenyewe bado limesimama, ila ndani kumewekwa blanketi za kutoka ng'ambo, zimefungwa kwa plastiki. Lakini nisiwatangulie.

Chumba cha kulia cha mameneja kilikuwa ghorofa ya juu, hapa Thika. Meza ndefu, vitambaa vyeupe, dirisha ambalo ukichungulia unaona miti ya upande wa mto Chania. Mimi nilipika na Mama Shiku aliandaa meza na kuosha vyombo. Huyu Mama Shiku alikuwa mjane mwenye mdomo mkali na mikono safi, na glasi aliyoosha yeye ungeweza kujitazama ndani yake ukachana nywele. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi bila kugombana, isipokuwa juu ya chumvi.

Kati ya wote waliokula pale, niliyempenda ni Bwana Githinji, meneja wa tawi la Ruiru. Alikuja Thika kila siku ya mkutano. Alikuwa mrefu, mtu wa Kinangop, mpole wa sauti, na alipenda chapati ngumu kidogo, zile ambazo wengine wangenirudishia jikoni. Binti yake mkubwa, Ciru, alipofanyiwa ruracio, ile sherehe ya mahari, aliniita mimi nyumbani kwake Ruiru kupika. Na kulikuwa na jambo moja ambalo kiwanda kizima kililijua na kulichekea: aliogopa mbwa. Alikuwa ameumwa akiwa mtoto. Akifika langoni alikaa ndani ya gari vioo juu mpaka askari amfunge mbwa wake, hata kama mbwa mwenyewe alikuwa mzee asiye na meno.

Sasa nisikilizeni. Ukitaka kujua kampuni iko na shida, usiulize mhasibu. Angalia sahani zinazorudi jikoni. Mtu mwenye wasiwasi hatafuni. Anakatakata nyama vipande vidogo, anavisukuma huku na huku, halafu anafunika na wali ili mpishi asijue. Mwaka ule sahani zilianza kurudi hivyo. Bili ya stima ilikuwa imepanda, pamba imepanda, na madukani watu walikuwa wananunua blanketi nyepesi za bei ya chini kutoka nje. Sisi wa jikoni tuliyajua hayo kwa mabaki.

Siku ya uamuzi wenyewe nilikuwa nimepika ng'ombe na viazi. Mkurugenzi aliweka uma chini kabla hata ya kuonja.

"Kuna njia mbili," akasema. "Tupunguze watu, au tujipunguze sisi wenyewe kwanza."

Mama Shiku alikuwa anamimina maji, nikamwona mkono umekwama hewani.

Ni Bwana Githinji aliyejibu. "Tuanze na sisi," akasema. "Ule uzi unasokotwa na watu ambao mshahara wao haukatiki ukabaki kitu. Sisi tunaweza kuvumilia kwa muda."

"Kwa muda tu," Mkurugenzi akakubali, na uso wake ukalegea, kama mtu aliyesaidiwa kubeba. Akaanza kutaja. Mishahara ya mameneja ipungue. Madereva waondolewe, kila mtu ajiendeshe. Pesa ya nyumba isimame. Bima ya matibabu ibaki ya meneja mwenyewe, familia ijisimamie. Mambo yakitengemaa, kila kitu kitarudishwa.

Halafu akazungusha macho chumbani. "Na hiki chumba," akasema. "Tutakula kantini kama watu wengine."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani ya mapapai. Nilikuwa sijawahi kujiuliza mimi ni nini katika kampuni ile. Siku hiyo nikaelewa. Mimi na Mama Shiku tulikuwa marupurupu.

Hatukufukuzwa, siwezi kusema uongo. Bwana Githinji alituombea nafasi Ruiru. Mimi nikapewa kantini ya wafanyakazi, na Mama Shiku akapelekwa kwenye mashine za uzi, kazi ambayo hakuwa ameifanya maishani mwake. Alijifunza. Jioni alitoka na nyuzi nywelini kama mtu aliyezeeka ghafla.

Wafanyakazi waliposikia wakubwa wamekatwa, walifurahi, msinidanganye kwamba nyinyi msingefurahi. Kijana mmoja wa mashine, Kevo, alipiga meza ya kantini na kijiko akisema, "Wacha hata wao waonje! Wasee wa tai sasa watajua sukuma wiki ni nini!" Watu wakacheka mpaka wakakohoa. Siku hiyohiyo Bwana Githinji akaja kantini, akasimama mbele yao.

"Tumekubali kukatwa sisi ili nyinyi mbaki," akawaambia. "Hakuna mtu wa hapa ataenda nyumbani."

Wakampigia makofi. Hata Kevo alipiga.

Kupikia watu wengi ni kazi nyingine kabisa, vijana. Ule ustadi wa ghorofani haukunisaidia. Ugali wa sufuria kubwa haupikwi kwa mikono, unapikwa kwa mgongo na magoti. Maharagwe yasipolowekwa usiku, mchana utawaona watu wanaangalia saa na wewe unaangalia sufuria. Na nyama ikate ndogondogo, zote sawa. Siku ya kwanza nilikata vipande vikubwa vya kiheshima kama nilivyozoea, mmoja akapata mfupa mtupu na mwenzake akapata mnofu, karibu wapigane. Mama Shiku ndiye aliyewatenganisha, na mwiko wangu mkononi.

Mameneja wengine wa Ruiru walikuja kantini siku mbili tatu, wakapotea. Wakawa wanakula ndani ya magari yao. Bwana Githinji alibaki kwenye foleni, anashika sahani yake ya plastiki, anasubiri kama kila mtu. Kevo na wenzake walimtania mwanzoni, "Meneja, leo ni githeri, mahindi na maharagwe, usitafute uma!" Naye anajibu, "Githeri nimekulia, wewe ndiye umezaliwa na chipsi." Wakamzoea.

Ule muda waliosema ukafika. Mkurugenzi akaomba muda mwingine kidogo. Nao ukapita, akaomba tena. Sikuwa tena ghorofani kusikia, lakini sahani ya Bwana Githinji nilikuwa naiona. Mwanzoni alikula nusu. Baadaye akawa anamaliza. Halafu akawa anamaliza na kupangusa mchuzi kwa kipande cha mwisho cha ugali, na mtu wa cheo chake akifika hapo, mpishi anajua kwamba asubuhi hakunywa hata chai.

Siku moja alibaki nyuma watu wakirudi kwenye mashine. Akaja mpaka dirisha la jikoni, akainamisha kichwa.

"Mutua, ile githeri inayobaki huwa inaenda wapi?"

"Ingine wanachukua wafagiaji, bosi. Ingine ni ya mbwa wa askari."

Akakuna shingo. "Basi niwekee kidogo, kama iko. Nimefuga mbwa nyumbani."

Nilimwangalia. Yeye akaangalia sufuria.

Mnajua kuna wakati mtu anakupa uongo mikononi kama yai, na kazi yako ni kutolivunja. Nikamwambia, "Sawa bosi. Ni mbwa mkubwa?"

"Ni mkubwa kiasi."

"Nitamtosheleza."

Nikachukua mkebe wa plastiki wenye kifuniko, ule niliokuwa naleta nao chakula changu. Nikaiweka githeri pembeni, nikakata kitunguu, karoti, dhania, nikaikaanga upya kwa mafuta yangu mwenyewe niliyonunua. Tangu hapo kila ilipobaki niliipika hivyo. Kama haikubaki, nilihakikisha imebaki.

Mkebe ulirudi umeoshwa, umekaushwa. Siku ya pili au ya tatu akaniwekea dirishani, akasema bila kucheka, "Mbwa anashukuru. Anasema chumvi iko sawa."

"Mwambie akitaka pilipili aseme."

"Pilipili hataki. Anayependa pilipili ni mama yangu."

Hapo ndipo nilipojua. Mama yake alikuwa ameletwa kutoka Kinangop mgonjwa, analala kwake. Hospitali ilitaka malipo na bima haikuwa ya familia tena. Pia alikuwa analea watoto wa ndugu yake aliyekufa, na wa kwake wawili walikuwa chuoni. Duka dogo la mke wake lilikuwa limefungwa. Haya aliyasema kwa vipande, kwa siku tofauti, huku anatazama pembeni. Hakuniambia nisiseme. Haikuhitajika. Mzee Were alinifundisha kutosikia, na hilo nililifanya vizuri kuliko upishi wote niliowahi kufanya. Hata mke wangu hakujua. Hata Mama Shiku.

Mnaniuliza kwa nini hakuenda kutafuta kazi kwingine. Walienda wengine. Meneja wa mauzo alienda, fundi mkuu wa mashine alienda Uganda, na mashine zikaanza kulala siku nzima kwa kukosa mtu anayezijua. Nilimuuliza Bwana Githinji swali hilo mara moja. Akasema, "Niliwaambia hawa watu hakuna atakayeenda nyumbani. Nikiondoka mimi, ni nani atalikumbuka hilo neno?"

Siku ambayo neno hilo lilivunjika ilikuwa Ijumaa, na nilikuwa nimepika wali na kuku, kwa sababu agizo lilitoka ofisini kwamba watu wapewe chakula kizuri. Nilipaswa kushtuka pale pale. Kampuni ikikuletea kuku bila sikukuu, kaa macho.

Mkurugenzi hakuja. Alitumwa Bwana Githinji. Aliingia kantini kabla sijaanza kupakua, watu wakiwa wamekaa, na harufu ya kuku imejaa. Alisimama katikati ya meza. Koti lilikuwa linamning'inia mabegani.

"Niliwaambia hapa hapa kwamba hakuna mtu ataenda nyumbani," akaanza. "Neno hilo limenishinda. Tawi la Ruiru linafungwa. Uzi utanunuliwa kutoka nje. Watakaobaki ni wachache wa Thika."

Kelele ikaja mara moja, kama mvua ya mawe kwenye mabati. Mama mmoja akalia, "Ngai! Na watoto?" Kevo akaruka juu ya benchi.

"Mlikatwa marupurupu mkapigiwa makofi! Sisi tunakatwa nini sasa? Tunakatwa koo!"

"Alitudanganya!" wengine wakapaza sauti.

"Huyu hajawahi kulala njaa! Mwangalieni! Anakuja kula chakula chetu hapa kujionyesha ni mtu wa watu, akifika kwake anakula nyama!"

Mimi nilikuwa dirishani na upawa mkononi. Neno lilikuja mpaka kwenye meno. Ningesema maneno machache tu na kantini nzima ingenyamaza. Nikafungua mdomo, na Bwana Githinji akaniona. Katikati ya zile kelele zote, akatikisa kichwa kidogo sana. Hapana.

Nikafunga mdomo. Wengine nimewasimulia hili wakanilaumu, wakasema ningemwokoa. Ningemwokoa na nini? Alikuwa amebakiza kitu kimoja, na kilikuwa chake, si changu nikakitoe nje kuwaonyesha watu.

Mama Shiku alisimama. Nyuzi zilikuwa nywelini mwake. Watu wakamnyamazia kidogo, kwa sababu ya umri.

"Bwana Githinji," akasema, "na wewe unabaki?"

"Nabaki mpaka mashine zing'olewe. Baada ya hapo sijui, mama."

Wafanyakazi walianza kutoka, mmoja mmoja, halafu makundi. Wengine walipiga sahani chini. Kevo alipopita karibu na meneja alitema mate sakafuni, si juu yake, karibu tu na kiatu. Hakuna hata mmoja aliyechukua chakula. Sufuria zangu zote zilikuwa zimejaa, wali umesimama punje punje, kuku hajaguswa. Sijawahi kuona kitu cha huzuni kama chakula kizuri ambacho watu wenye njaa wamekikataa.

Bwana Githinji akavuta benchi akaketi. Nikampelekea sahani. Hakuishika. Aliweka mikono mezani akaitazama.

Nilidhani Mama Shiku ameenda na wengine. Kumbe alikuwa nyuma yangu. Alikuja na sahani yake, akaketi mbele ya yule mtu aliyetoka kumwambia hana kazi.

"Kula, Baba Ciru," akamwambia. "Chakula hakina kosa."

Wakala, wawili hao, katika kile chumba kitupu. Mimi nikaenda nyuma ya jikoni nikajifanya nahesabu kuni.

Mashine ziling'olewa zikapakiwa. Mama yake Bwana Githinji alifariki kabla ya lori la mwisho kuondoka, wakamzika kwao Kinangop. Baada ya mazishi hakurudi Ruiru ila kuhamisha vitu. Nilimpigia simu mara moja. Akaniambia analima viazi, baridi ni kali, na kwamba mmoja wa watoto wake ameacha chuo kwa sasa. Nikasema pole. Akasema, "Tumshukuru Mungu." Baadaye namba ile ikawa haipatikani. Kevo nasikia yuko kwenye machimbo ya mawe. Mama Shiku alihamia kwa dada yake, kule mtaa wa Kamenu, na akawa anafulia watu nguo mpaka vidole vikakunjika.

Na mimi? Mimi nilirudishwa Thika, maana wafanyakazi walipopungua hesabu za kampuni zilianza kupendeza. Wakubwa wakarudishiwa mishahara yao, na madereva, na bima ya familia. Halafu siku moja nikaitwa, nikaambiwa nipande ghorofani nikafungue kile chumba cha kulia. Nilikuta vumbi mezani na buibui dirishani. Nikaomba wanirudishie Mama Shiku aoshe vyombo. Wakasema kwa sasa hapana, wataniletea kijana wa kampuni ya usafi.

Siku ya kufungua nilipika ng'ombe, kuku, samaki, na chapati laini. Mameneja wengi walikuwa wapya. Kwenye kiti kilichokuwa cha meneja wa Ruiru alikaa kijana nadhifu wa mauzo ya blanketi za nje, ambazo sasa kampuni yenyewe iliziuza. Alikuwa na adabu, aliniamkia vizuri, sina neno juu yake. Akamgeukia Mkurugenzi.

"Nasikia mlipitia kipindi kigumu sana hapa."

"Kigumu," Mkurugenzi akasema, akijipakulia. "Lakini kila mmoja wetu alijinyima kidogo, tukavuka."

Wakatikisa vichwa, meza nzima. Sahani zilikuwa zimejaa na watu walikuwa wanatafuna vizuri, wanaomba waongezewe. Nilizunguka nikiwaongezea, nikaanzia kwa Mkurugenzi mpaka kwa yule kijana, sikumwaga hata tone. Nikarudi jikoni, nikavua aproni, nikashuka ngazi mpaka kwa afisa wa wafanyakazi nikamwambia mwisho wa mwezi naenda nyumbani.

Akashangaa. "Mzee Mutua, kwa nini sasa, wakati mambo yamekuwa mazuri? Ni mshahara?"

"Mshahara uko sawa," nikamjibu. "Nimeshiba tu."